Kunja na Kunjua: Kulitafutia Jina Tando Lisikialo Joto

Saa nne asubuhi ufukwe wa Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, hung'aa kama bati jipya. Si maji peke yake yanayong'aa, ni usipa. Usiku wavuvi wameuvua kwa taa, alfajiri umeuzwa kwa ndoo, na sasa umetandazwa juani, kichanja baada ya kichanja. Wingu likichungulia kutoka upande wa milima ya Umatengo, hakuna anayeitisha mkutano. Sauti moja hupazwa, "Anueni!", na kina mama, watoto na hata mpita njia huinama kuokoa kitoweo cha watu wa mbali.

Nilisimama kuwatazama, na kilichonisimamisha ni kitenzi. Kuanika ni kukiweka kitu juani. Kuanua ni kukiondoa. Maneno mawili, shina moja, na tofauti yote imo katika kipande kidogo cha mwisho ambacho wanasarufi wetu wamekiita kauli ya kutendua. Kipande hicho ni hodari: kunja, kunjua, funga, fungua, bandika, bandua, tandika, tandua, ziba, zibua, tega, tegua. Kwa silabi moja Mswahili hutangaza kwamba lililofanywa limerudishwa lilikotoka.

Na pale pasipo na marejeo, lugha hunyamaza. Yai huiva, lakini hakuna yai "linaloivuka". Samaki huoza, na hajazaliwa fundi wa "kumwozua". Sarufi yetu, bila kuingia maabara hata siku moja, imekwisha kuyagawa mabadiliko ya dunia katika mafungu mawili: yanayotendulika na yasiyotendulika.

Siku hiyo mfukoni nilikuwa na ujumbe wa mpwa wangu, anayesoma kemia chuo kikuu. "Shikamoo mjomba. Kuna kitu tumefundishwa: polima inayowekwa nyembamba sana juu ya kioo au plastiki. Ikiwa baridi inayapenda maji, ikipata joto inayakataa, ukiipoza inayapenda tena. Nataka kumweleza bibi kazi ninayoisomea. Nimwambie inaitwaje?" Nikaitikia marahaba, nikamwahidi jibu kabla ya jua kuchwa. Lilinichukua juma zima.

Mtoto hapewi jina kabla hajaonekana, basi tuanze na kitu chenyewe.

Polima ni kitu kilichojengwa kwa molekuli ndefu mno, kila moja ikiwa na vipande vidogo vinavyofuatana, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Nailoni ya nyavu ni polima, plastiki ya ndoo ni polima, wanga wa ugali ni polima. Ule utelezi unaoganda kwenye punje ya kahawa ya Mbinga baada ya kumenywa, ambao wakulima huuondoa kwa kuichachusha kahawa kabla ya kuiosha, nao una polima ndani yake, tena ya asili. Hivyo mtu wa Mbinga ameshika polima kwa mikono yake miaka nenda rudi. Asilolishika ni jina.

Jina lenyewe lina safari. Mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alilibuni mwaka 1833 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya sehemu nyingi, tena akiwa na wazo tofauti na letu la leo. Wazo la molekuli iliyo ndefu kama uzi lilikuja mwaka 1920 kwa Mjerumani Hermann Staudinger. Wenzake wengi walimwona anaota ndoto za mchana. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo neno lilitangulia, maana ikalifuata baada ya karibu miaka tisini. Nasema haya kuwapoza wale wanaodai istilahi ya Kiswahili izaliwe siku ya kwanza ikiwa na meno yote.

Polima ya mpwa wangu ni maarufu kuliko zote za aina yake. Jina lake kamili, poli-N-isopropilakrilamidi, halisemeki kwa pumzi moja, na wanakemia wenyewe wamelikata wakabaki na PNIPAM. Mwaka 1968 M. Heskins na James Guillet walichapisha habari za tabia yake ndani ya maji, na tabia hiyo ndiyo iliyoipa sifa. Katika maji yaliyo chini ya nyuzi joto 32 hivi, kila uzi wa polima hiyo hujinyoosha, maji yakauzunguka na kuushikilia pande zote. Joto likivuka hapo, maji huachana nao, nao hujikunja ukawa kidonge. Maji yaliyokuwa maangavu hugeuka meupe kama maziwa. Yapoze, na weupe hutoweka kana kwamba haukuwepo.

Tazama ukaidi wake. Sukari huyeyuka vizuri zaidi chai ikiwa ya moto; hii hujitenga na maji pale pale yanapopata moto. Mtu wa Mbinga hujikunyata mwezi wa Juni kwa baridi. Hii hujikunyata kwa joto. Na tazama pia jinsi Kiswahili kilivyokuwa kinaingojea. Tunahesabu joto kwa nyuzi, na polima nayo ni nyuzi. "Katika nyuzi 32, nyuzi hujikunja." Mtu aliyeitunga sentensi hiyo kwa makusudi angeitwa mchezea maneno, kumbe ni maelezo ya kisayansi yasiyo na kosa.

Kazi kubwa ya kwanza ya tabia hii ilionekana Japani. Mwaka 1990 Teruo Okano na wenzake walieleza jinsi walivyofunika sahani za maabara kwa PNIPAM. Seli za mwili huoteshwa katika nyuzi 37, joto la damu yetu. Katika joto hilo nyuzi za polima zimejikunja, uso wa sahani ni mkavu kiasi, na seli hushikamana nao na kuzaana hadi zikawa shuka moja. Zamani kuziondoa kulitaka zikwanguliwe, au zimwagiwe vimeng'enya vinavyokata mizizi yao. Kwa vyovyote zilitoka vipande vipande. Kwenye sahani ya Okano unapunguza joto tu. Nyuzi hujikunjua, maji hupenya chini, na shuka ya seli hubanduka nzima.

Mama yeyote aliyewahi kuosha sufuria ya ugali analijua jambo hili kwa upande wa pili. Ukoko unaokwanguliwa hutoka kwa vita. Ukoko uliotiwa maji na kuachwa mpaka asubuhi hujibandua wenyewe, mzima, kama mkeka. Maji yamefanya kazi ambayo kisu kingeiharibu.

Mwaka 2004 madaktari wa Japani walitangaza kwamba wagonjwa wanne waliokuwa na konea zilizoharibika walipandikizwa shuka za namna hiyo, zilizooteshwa kutoka katika ngozi laini ya vinywa vyao wenyewe, na uwezo wao wa kuona ukaongezeka. Shuka hizo zilishika jichoni bila kushonwa.

Basi, tuliite nini?

Nilianza na neno rahisi: mpako. Linatokana na kupaka, na kila fundi analijua. Lakini mpako unaonyesha mkono wa mpakaji. Ukisikia mpako unaona brashi, lipu, chokaa, au huko pwani unawaona mafundi wa majahazi wakiupaka ubao sifa ya papa na deheni. Polima ya Okano haikupakwa kwa brashi. Iliunganishwa na sahani kwa miale ya elektroni, ikaota juu yake kama nywele. Neno mpako lingemfanya bibi aulize ndoo ya rangi iko wapi.

Nikajaribu tabaka. Hapo ziwa lenyewe lilinikataza. Maji ya Nyasa yamelala kwa matabaka: la juu lina uvuguvugu na hewa, la chini lina ubaridi zaidi kwa nyuzi chache tu na halina oksijeni, na mawili hayo huchanganyika kidogo mno hata upepo wa mwera uvume vipi. Ziwa lina kina cha mita zipatazo 700, na chini ya mita kama 250 samaki hawaishi. Hilo ndilo tabaka: kitu chenye unene wa kuzamisha milima. Cha kwetu kina unene wa nanomita 20 hivi. Unywele mmoja ni mnene kukizidi mara elfu kadhaa. Tena unene huo si wa kuchezea, maana ukizidi kidogo tu seli hukataa kushika.

Nikarudi kwenye kitenzi cha ufukweni: tanda. Wingu hutanda, giza hutanda, na kinachobaki baada ya kutanda ni utando. Uji ukipoa hufanya utando. Buibui ana utando. Jicho la mzee likipata ukungu, watu husema limefanya utando. Neno hili halimtaji fundi wala halidai unene. Linataja kitu chembamba kilichokwisha kuenea kikakaa. Ndilo. Na kinapokuwa kipana na chenye kazi kubwa, Kiswahili kinaruhusu kukikuza kuwa tando, kama nilivyofanya katika kichwa cha makala haya kwa kujifurahisha. Humu ndani nitabaki na utando.

Neno lililofuata lilihusu uso. Wataalamu husema nyuso hizi zina kazi ya kufanya, si za kufunika tu. Baadhi ya watafsiri wangeziita nyuso tendaji. Sina ugomvi na sarufi yake, ila sikio langu husikia mtendaji wa kata, nami huutafuta muhuri. Wamatengo wa milima ya Mbinga wametengeneza nyuso za kazi kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuhitaji sifa hiyo. Hupanga nyasi zilizofyekwa katika miraba mlimani, wakazifukia kwa udongo kutoka katikati, hadi mteremko mzima ukawa mashimo na matuta kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii na udongo. Hudakwa shimoni yakanywewa taratibu. Wanaita ngoro. Mlima uleule, mvua ileile, ila uso umefinyangwa ukajua la kufanya na maji. Mwalimu wa kemia wa Mbinga anayetaka kuanza somo la nyuso hana haja ya kwenda Tokyo. Atoke nje ya darasa aangalie kilima.

Tena uso kwa Kiswahili ni zaidi ya upande wa juu. Uso wa mtu hukunjwa akiudhika, na hukunjuliwa akifurahi. Mtu mwenye bashasha tunamwita mkunjufu, yaani aliyekunjuka. Sasa soma upya tabia ya PNIPAM: kwenye baridi uso wake ni mkunjufu na maji yanakaribishwa, kwenye joto umekunja uso na maji yanafukuzwa. Sijui lugha nyingine inayoweza kumweleza bibi jambo hili kwa maneno ambayo tayari anayatumia kumsema jirani yake.

Likabaki neno gumu kuliko yote: lile la kusema kwamba kitu hiki hubadilika kwa sababu ya joto.

Kigeugeu? Mtu kigeugeu hana msimamo, na polima hii ina msimamo kuliko hakimu. Nyuzi 30 haiyumbi. Nyuzi 34 imekwisha kukata shauri. Kinyonga? Picha nzuri, lakini kinyonga kwetu amebeba lawama nyingi za watu kiasi kwamba hana mgongo wa kubebea lawama za kemia. Itikivu? Vitabu vya sayansi hupenda mwitiko, na si neno baya. Lakini anayeitika ameitwa. Mtoto huitika akiitwa jina, waimbaji huitikia kiongozi. Joto halimwiti mtu, humfikia tu.

Na likimfikia, Mswahili anasemaje? Anasema, "Nasikia joto." Anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia usingizi, anasikia harufu. Kwetu kusikia hakukufungwa ndani ya sikio. Ni mlango wa mwili mzima. Tena kuna kusikia kwa daraja la pili. Mtoto aliyesikia akatenda ndiye msikivu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo kitenzi hiki kimoja kina mambo yote mawili yanayotakiwa: kulihisi joto, na kulitii. Wageni hulazimika kuweka neno moja kwa kuhisi na jingine kwa kujibu. Sisi tuna sikia.

Joto nalo lina ukoo wa heshima. Limetoka tumbo moja na moto, na wote wawili ni jamaa wa kitenzi ota, kile cha kuota jua na kuota moto. Baridi ni mgeni wa kutoka Arabuni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Wataalamu wakaunda halijoto, na wengine jotoridi, neno ambalo limefunga ndoa ya joto na baridi, likamkata baridi kichwa ili atoshe mlangoni. Kuna watakaosema kwamba polima yetu husikia halijoto, si joto, maana hata kupoa hukusikia. Nawajibu kwa kipimajoto: hupima na baridi pia, na hakuna muuguzi aliyewahi kukilalamikia jina lake.

Basi kwa mfano wa zimamoto na kipimajoto, na kwa mfano wa kinasasauti na kipazasauti, nikaandika kwenye daftari: sikiajoto. Polima sikiajoto. Utando sikiajoto. Na ule mpaka wa nyuzi 32, ambao vitabu vya Kiingereza vimeubebesha maneno manne, nikauita kizingiti cha joto, kwa kuwa ni pale pale anapokanyaga mtu kabla ya kuwa ndani au nje.

Nilidhani nimemaliza. Nikafunga safari ya kurudi Mbinga kwa barabara ya lami ya kilomita 66 hivi, inayokupandisha kutoka chini kidogo ya mita 500 za ziwa hadi zaidi ya mita 1,300 za mjini. Katika mkoba nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi niliyoinunua Mbamba Bay yakiwa maji matupu. Asubuhi yake Mbinga yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na asubuhi za Mbinga hazina huruma. Nikayaweka juani, yakayeyuka; yakaingia ndani, yakaganda. Hayo nayo husikia joto, nikajiambia, na hayana kinyongo. Wakati huohuo nilichukua risiti ya EFD (mashine ya kodi) ya siku ile, niliyoisahau juu ya dashibodi ya gari wakati jua likiwaka. Ilikuwa imepiga weusi wote, maandishi hayaonekani. Nikaipoza. Haikurudi.

Hapo ndipo neno langu lilipopata nyufa. Risiti hizo, ambazo Tanzania ilianza kuzitumia kwa mashine za EFD mwaka 2010, hazichapwi kwa wino. Karatasi yake ina utando wenye kemikali mbili zinazongoja kukutanishwa. Kichwa cha mashine huipa joto mahali pa herufi, kemikali huyeyuka, hukutana, na weusi hutokea. Huo nao ni utando unaosikia joto. Lakini haujui kutendua. Umekunja bila kukunjua. Umeiva kama yai.

Nilihitaji neno la pili, na nililipata zahanati.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na muuguzi alikuwa akitoa chupa za chanjo katika kijokofu cha kubebea. Juu ya kila chupa kulikuwa na alama ndogo: duara la rangi ya zambarau, na ndani yake mraba mweupe. Nikamuuliza wanaiitaje.

"Shikamoo baba. Hiyo ni VVM."

"Marahaba mwanangu. Na kwa Kiswahili?"

Akacheka. "Tunasema alama tu. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tunachanja. Ukifanana na duara au ukizidi, chupa tunaitenga."

Alama hiyo ni polima inayozaliwa mbele ya macho. Ndani ya mraba kuna molekuli ndogo ambazo bado hazijaungana. Joto huziunganisha kidogo kidogo kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo zina rangi. Kadiri chupa inavyokaa nje ya baridi, ndivyo mraba unavyokolea, na hakuna barafu itakayoufuta. Saa moja ya juani leo na nusu saa wiki ijayo hujumlishwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianza kuiweka kwenye chanjo ya matone ya polio mwaka 1996, na kila chanjo hupewa alama inayolingana na ustahimilivu wake: ile ya matone ya polio hukamilika kwa siku 2 katika nyuzi 37, ilhali za chanjo shupavu hungoja hadi siku 30. Methali husema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa dawa ndiyo yenye sikio, na ikisikia joto kupita kiasi ndiyo inayokufa.

Kwa hiyo alama hii husikia na kukumbuka. Hutunza hesabu ya joto lote lililopita, kama mzee wa kijiji asiyesahau deni. Nikaandika chini ya sikiajoto neno la pili: kumbukajoto. Kibandiko cha chanjo ni kikumbukajoto, kwa mpango uleule wa kipimajoto: kimoja hupima joto la sasa, kingine hukumbuka joto la jana.

Jina hilo lina faida ya pili, ambayo ni ya usalama. Baadhi ya chanjo huharibika zikiganda, ndiyo maana hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, si chini ya hapo. Alama hii haijui kuganda. Mraba unaweza kuwa mweupe kama theluji ya Kibo na chanjo ikawa imekwisha kuharibiwa na baridi. Muuguzi mwenye shaka hulazimika kuitikisa chupa na kuangalia mashapo yanavyotulia. Anayeiita "alama" tu anaweza kudhani inasema kila kitu. Anayeiita kikumbukajoto ameambiwa na jina lenyewe kwamba habari za baridi akaulize kwingine. Istilahi nzuri humlinda mtumiaji wake.

Na si mara ya kwanza kwa zahanati kutupa somo hili. Neno chanjo lenyewe limetoka kwenye kuchanja, kitendo cha wembe na ngozi ambacho babu zetu walikitumia kwa dawa zao. Sindano ilipokuja, na hata matone ya mdomoni yasiyogusa wembe, kitenzi kilinyooka kikayafunika yote. Mama wa Lituhi hulitumia neno chanjo bila kujua kwamba ni istilahi. Linganisha na mnyororo baridi, jina ulilopewa utaratibu mzima wa majokofu na visanduku vya barafu vinavyoifikisha dawa kijijini. Limefasiriwa neno kwa neno, na anayelisikia mara ya kwanza humfikiria mfungwa aliyelala sakafuni. Moja lilianza na kitenzi cha watu. Jingine lilianza na karatasi ya mgeni.

Nayo ramani ya huku inasema hivyohivyo. Ziwa hili David Livingstone alilifikia mwaka 1859, akauliza jina, na jibu alilopewa kwa lugha za hapa lilikuwa na maana ya ziwa. Tangu hapo tumekuwa tukisema Ziwa Nyasa, yaani Ziwa Ziwa, na hakuna aliyezama kwa ajili hiyo. Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilipigwa mizinga hapo mwezi Agosti 1914 na Waingereza wa Gwendolen, na jina lile likafuata njia ya wenyewe. Mbamba Bay, kinyume chake, imebaki na mkia wa Kiingereza hadi leo, ingawa ghuba na hori ni maneno tuliyo nayo. Jina hudumu kwa kutamkwa, si kwa kustahili.

Ndiyo sababu sijidanganyi kwamba daftari langu linatosha. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya kusanifu ina wenyewe. Na desturi yao ni njema: tazama kwanza ndani ya Kiswahili, kisha lugha jirani za Kibantu, ndipo uvuke maji. Ndivyo tulivyopata ikulu kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ngeli kutoka kwa Wahaya, na kitivo kutoka milima ya Usambara na Upare, ambako ni ardhi yenye rutuba. Mbinga bado haijaombwa mchango wake. Siku tutakapohitaji neno la uso wenye vishimo vidogo vya kudaka maji, vya ukubwa wa nanomita, nitasimama na kusema: Wamatengo wanalo, ni ngoro.

Nilimwandikia mpwa wangu hivi: "Mwambie bibi kwamba unasomea utando sikiajoto. Akiuliza ndiyo nini, mwambie ni uso unaokunjuka kwa baridi na kujikunja kwa joto. Akiuliza kama unarudi ulivyokuwa, mwambie huu unatendulika. Usiotendulika ni kumbukajoto, kama alama ya kwenye chupa ya chanjo. Akiuliza swali la tatu, ujue amekwisha kuwa mwanakemia."

Kwa wanaofundisha, wanaotafsiri na wanaosanifu, ninalo ombi moja. Mkiletewa kitu kipya, msianze na jina lake la kigeni mkaligeuza neno kwa neno. Ulizeni kwanza kinafanya nini, kisha ulizeni kitenzi hicho kina kutendua au hakina. Mwenye neno bora kuliko sikiajoto na kumbukajoto na alilete hadharani, haya yangu nitayafuta bila kinyongo. Mpaka hapo, yatumieni. Neno lisilotumika huoza, na kuoza, kama tulivyoona, hakuna kutendua.